Boti za Mama Mukwe na Njia ya Kwenda Kaziwani

Mupendwa mushauri Mama Adrienne, naomba musaada wako, na tafazali unijibie hapa kwenye gazeti, si kwenye radio, maana radio mama mukwe wangu anaisikilizaka kila jioni na sauti yako anaijua kuliko yangu. Jina langu ni Kétsia, mimi ni mutoto wa kijiji cha Ntoto kule Walikale, kwetu ni pori na joto, baba analima, mama anauza chumvi na sabuni, na tangu nizaliwe miguu yangu inajua kambambili ao inajua udongo, basi. Mwaka uliopita niliolewa hapa Kibabi, kwa wafugaji, bwana wangu anaitwa Tuyizere, ni muntu muzuri, sina neno naye, shida yangu iko viatu.

Hapa kwao iko desturi. Kiangazi kikifika ng'ombe zinapanda juu kwenye majani mabichi, pembeni ya kaziwa kamoja kako katikati ya milima, na muke mupya wa nyumba anapanda na wamama wengine kwenda kupokea maziwa ya kwanza kutoka kwa wachungaji na kuyasukasuka mpaka yatoe siagi, na ile ng'ombe yenye maziwa yake amepokea inakuwa yake. Kwa sababu ya vita wanawake walikuwa wameacha kupanda, mwaka huu njia imetulia kidogo na wamesema tunaenda, kutembea kuanzia asubuhi mpaka jua linashuka. Mama Adrienne, mimi nataka kufika. Ng'ombe naitaka, sitakudanganya, lakini hata ile ziwa yenyewe nataka kuiona, maana kwetu maji yanakaaka chini, na sielewi namna gani maji mengi yanabaki kule juu bila kumwangika, na kama samaki wako mule waliingia namna gani. Wifi yangu Nicole, mwenye tutapanda naye, anasema huioni mpaka ubakishe kidogo tu uikanyage. Kila usiku namuuliza Tuyizere mpaka anageukia ukuta.

Sasa sikia. Mama mukwe wangu, Mama Uwamariya, ni mama mudogo wa mwili, haongeaki sana. Siku moja alikuja kwangu na boti zake za mpira, zile za kuendea kwenye ng'ombe, amezisafisha mpaka zinang'aa, akanipa kwa mikono miwili. Aliniambia: "Binti yangu, hizi ni zako sasa. Ukichanganyikiwa njia, fuata ng'ombe." Halafu akarudi jikoni kwake. Nilizipokea na mimi kwa mikono miwili, nikapiga magoti, nikashukuru, na niliporudi chumbani nikageuza boti nikaona chini imeandikwa 37. Mimi navaa 40.

Nilifanya nini? Niliwahi kusikia kama ukijaza kiatu maharagwe mabichi na maji, maharagwe yanavimba na kiatu kinapanuka, basi nikajaza, nikaficha chini ya kitanda, boti hazikupanuka hata kidogo, maharagwe njo yakaoza, na sasa boti za mama mukwe wangu zinanuka mpaka Tuyizere aliuliza kama kuko panya amekufa. Nilizifua, nikazivaa hivyo hivyo mpaka muto, kwenda na kurudi, ukucha wa kidole kikubwa ukageuka mweusi. Tuyizere alipouona alikasirika, akashuka soko, akaniletea viatu vya chaguwa, mitumba, vile vya Wazungu wa kupanda milima, vya wanaume, vizito, kamba mpaka juu ya kifundo. Nikivivaa naona kama nimevaa matofali. Nicole anasema nikivaa vile na kuacha boti za mama yake, ni kama nimekataa mukono wake mbele ya familia yote, na wale wamama watasema muke wa Walikale anajiona. Tuyizere anasema niende nimuambie mama ukweli. Lakini utamuambia namna gani mama mukwe kama zawadi yake inakuumiza? Na nikivaa zile ndogo nikashindwa katikati ya njia, watanirudisha, ng'ombe nitangojea mwaka mwingine, na nani anajua kama mwaka mwingine njia itakuwa wazi? Niko naogopa kurudi chini bila kufika. Nivae nini, Mama Adrienne? Hata kambambili niko tayari.

Kétsia, Kibabi

MAMA ADRIENNE ANAJIBU

Kétsia binti yangu, pole ya ukucha. Maharagwe sikupi pole. Ile ya maharagwe wanafanyaka kwa kiatu cha ngozi, na hata kwa ngozi ni bahati nasibu. Mpira haupanuki, na chakula umeharibu. Chukua majivu na maji ya moto, usugue ndani ya boti, uzianike kivulini, ziache kunuka kabla mwenyewe hajazisogelea.

Kambambili, usiniambie tena. Kule majani yako na umande mpaka saa ine, ukiteleza kamba inakatika, na utafika kaziwani na kiatu kimoja mukononi. Na boti za 37 kwa muguu wa 40, hapana, hata kama malaika njo angekupa. Kupanda utavumilia. Shida iko kwenye kushuka. Ukishuka, muguu mzima unasukumwa mbele, vidole vinagonga mpira, na kila hatua kucha inalipa. Zaidi ya hapo boti ya mpira, hata yenye inakutosha, haishiki kifundo, na maji yakiingia ndani hayatoki mpaka uivue. Wachungaji wanatembea nazo kwa sababu wamekulia ndani yake. Wewe umekulia kwenye udongo wa Ntoto, na hiyo si aibu.

Utatembea na vile vya chaguwa. Lakini usivivae siku ya safari kwa mara ya kwanza, nakukataza. Vivae leo, uende navyo kuchota maji, uende navyo shamba, uende navyo misa, wacha wacheke. Vijaribu jioni, wakati muguu umechoka na umevimba, si asubuhi. Sukuma vidole mbele mpaka viguse, halafu ingiza kidole cha mukono nyuma ya kisigino: kikiingia, ni sawa. Halafu simama kwenye mteremko, upige hatua za kushuka. Vidole vikigonga, muambie bwana wako avirudishe kwa muuzaji. Vaa shosete, soksi, mbili kila muguu, nyembamba ndani, nzito juu, na kisigino ukipake siagi, kwenu siagi haikosekani. Kata kucha mapema, na ile nyeusi usiichokonoe. Wakati wa kupanda usikaze kamba sana pale juu, ukianza kushuka simama, uzikaze vizuri. Ukisikia sehemu inaanza kuwaka, simama papo hapo utengeneze. Usingoje malengelenge eti unaogopa kuchelewesha wamama. Wamama watangoja, na wao wanataka kupumua.

Na boti unazibeba. Nicole iko na haki nusu. Zifunge juu ya mzigo wako, watu wote wazione. Pale pembeni ya maji, ng'ombe zinapokanyaga, ni potopoto, matope mpaka katikati ya muguu, na chaguwa zako zikiingia mule hazitakauka mpaka urudi. Pale njo utavua, utaingiza miguu kwenye boti za mama kwa ile saa moja ya kupokea maziwa, bila shosete. Zitakubana. Vumilia hiyo saa moja, kwa heshima. Ng'ombe utaipokea ndani ya boti zake.

Maswali yako ya ziwa nimeyapenda, na sitayajibu, kwa sababu iko muntu hapo nyumbani mwenye anayajua kuliko mimi. Na hapa nakugombeza kidogo. Umeniandikia juu ya pointure, ile namba ya kiatu, juu ya maharagwe, juu ya ukucha, juu ya macho ya wamama. Hukuniandikia mama mukwe wako atapanda na nini. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta. Kétsia, mama wa wafugaji hatoi boti zake za kwenda kwenye ng'ombe kama bado anaenda kwenye ng'ombe. Alikuambia ukichanganyikiwa ufuate ng'ombe. Kama angekuwa anatembea na wewe, angesema unifuate mimi.

Mimi nafikiri yeye hapandi. Labda magoti, labda kifua, sijui, na inaonekana hata watoto wake hajawaambia. Wewe labda ulikuwa unajiuliza kama anakupima utavumilia ao utalalamika. Hakuna mwenye anakupima. Yule mama amekupa kazi yake, na pointure hakuangalia kwa sababu alikuwa anafikiri mambo mengine.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi ingia jikoni kwake na zile boti, zimekauka, hazinuki. Kaa chini. Mwonyeshe ukucha, bila maneno mengi, na muambie: "Mama, muguu wangu ni mukubwa, nitatembea na viatu vya Tuyizere, na boti zako nitazivaa kwenye maziwa." Hatakufukuza. Halafu umuulize kama anapanda na ninyi. Akisema anapanda, basi nimekosea, utamurudishia boti zake avae, na unicheke wewe pamoja na Kibabi yote. Akinyamaza, usimulazimishe. Muulize njia. Muulize ni wapi munapumuzikaka, ni muto gani munavukia kwenye mawe, ni ng'ombe gani alipewa yeye mwaka ule alipokuja bibi-harusi, na kama uzao wake bado iko kule juu. Utaona kama haongeaki.

Na siku ile ukifika, usivue viatu kwanza, usikae kwanza. Chukua telefone ya Nicole, panda pale telefone inashika rezo, umupigie mama mukwe wako. Umuambie maji yako na rangi gani, yamepungua ao yamejaa, majani yamefika wapi, nani anachunga. Sema pole pole, usiruke kitu. Zile boti alizisafisha mpaka zikang'aa kwa sababu anajua hataiona ile ziwa tena.