Barua Yako Ilisomwa Bungeni

Dada yangu mpendwa,

Funga mlango kwanza, nakusihi. Neno la humu lisimfikie hata shemeji, na ukimaliza kusoma, karatasi hii iingie motoni.

Hujambo lakini? Kikohozi cha vumbi la pamba kimepungua? Mama bado anagombana na magoti yake? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Nimewakumbuka mno, hata kelele za cherehani yako nazitamani.

Mheshimiwa ninayemfanyia kazi aliingia bungeni kwa kura zenu za kiwandani. Lakini tangu uletwe mswada wa biashara huria, wa kuingiza nguo za nje bila ushuru, ofisi imejaa wageni wenye viatu vya kung'aa. Barua za chama chenu cha wafanyakazi, katibu wa Mheshimiwa aliniagiza nizifungie stoo. Nilipouliza kama Mheshimiwa amezisoma, alinicheka, akasema kazi yangu ni gundi na mihuri, siasa niwaachie wenye vitambi.

Sasa, Mheshimiwa ana tabia moja: husoma lolote alilowekewa kwenye jalada. Mwaka jana aliwasomea wabunge orodha ya viti vya kukodi, mpaka kiti cha mwisho.

Juzi alisimama kuunga mkono mswada. Akaanza na "Kitindamimba wangu." Ukumbi ukaangua kicheko. Kukatiza akaona aibu, akaendelea hadi pale penye shati la nje: kwamba ni rahisi, nawe utalinunua kwa kuwa mshahara hautoshi, na hivyo utajifukuza kazi kwa mkono wako mwenyewe. Hapo hakucheka mtu. Kura imeahirishwa, wabunge kadhaa wanataka wawasikilize ninyi kwanza.

Ndiyo, dada, ni mimi. Niliiondoa hotuba yake jaladani, nikachana jina lako, nikaiweka barua yako mahali pake. Ndiyo pekee niliyokuwa nayo kutoka nyumbani. Nilikuwa nikilala nayo chini ya mto. Sasa imepigwa muhuri, imo kwenye kabati la kumbukumbu, nami siwezi kuidai.

Katibu anamsaka huyo Kitindamimba. Hapa wananijua kwa jina la karani tu. Akinigundua, kazi sina, na pengine pingu.

Mama mpe shikamoo yangu, umshike na mikono kwa niaba yangu.

Mdogo wako.

Usipige simu ofisini. Barua ipitie kwa fundi viatu aliye mkabala na posta. Juu andika "mwenye kiatu cha kushoto", nimemwachia kimoja. Ndani niite karani. Ila pembeni, kwa penseli hafifu, niandikie lile jina la nyumbani. Nitalisoma, kisha nitalifuta.