Kaka Guyo, Majibu Yalikuja

Kaka Guyo,

Leo sikusalimii. Sababu utaijua ukifika katikati, kama utafika, maana kusoma barua za watu si kazi yako. Tangu uhamie Nairobi nimekuandikia mara nne na hukujibu hata mara moja. Simu unapokea mbiombio, "nitakupigia", na hapo ndipo mwisho wake. Ndiyo maana hii nimeiweka wazi, kila mtu aisome. Naijua Isiolo yetu: kabla ya wiki kuisha utakuwa umesomewa na watu watatu.

Unaikumbuka ofisi yetu nyuma ya soko la mifugo. Kompyuta moja, viti viwili, chupa ya chai ya maziwa ya ngamia katikati. Kazi yetu ilikuwa kuwatumia wafugaji ujumbe kwenye simu: siku ya mnada, siku ya chanjo, upande gani umepata mvua. Ulinifundisha kila kitu, na hilo siwezi kukunyima hata kwa hasira niliyo nayo. Ulikuwa unaweka kidole kwenye skrini, mstari kwa mstari, unaniambia, "Usiogope, Kabale. Hii imeandikwa na mtu tu, kama wewe." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia hivyo.

Mimi ndiye niliyeona ila ya ile programu ya kutuma ujumbe. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, yenyewe iliandika "imetumwa" kwa kila namba, hata zile ambazo hazikupata kitu. Tulikaa nayo wiki nzima mpaka tukairekebisha, mistari kumi na moja tu. Siku hiyo ulicheka mpaka muuza chai wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini kila masasisho yalipokuja kutoka kwa wenye programu, kiraka chetu kilifutwa na ila ikarudi. Dawa ulikuwa nayo. Kuna amri moja, ulisema, unaiandika kwenye skrini nyeusi. Inalinganisha programu yao na yetu, inatoa mistari tuliyobadilisha peke yake, inaifungua mbele yako uisome na kuondoa isiyowahusu, kisha inaipeleka kwa barua pepe hadi kwenye daftari lao la hitilafu. Wakiikubali, wanaiingiza kwao na haitafutwa tena.

Tulikaa pamoja tukaiandika ile amri. Barua ikafunguka, ikiwa imejiandikia juu kabisa jina la programu. Na wewe, kaka, ukaupeleka mshale juu ya mstari huo ukaanza salamu. Salamu kwenu nyote kutoka Isiolo, tunatumaini ninyi na jamaa zenu mko salama, kwetu mvua bado. Yote kwa Kiingereza chako cha chuo. Nilikwambia, "Kaka, hii inasomwa na mashine kwanza. Wacha jina likae juu." Ukaniangalia kama nimetema mate msikitini.

"Wewe hata mbuzi ya mtu huwezi kuuliza bei bila salamu," ulisema. "Sasa unataka tuingie boma ya watu namna hiyo, kama wezi?"

Nikakuacha ukaituma hivyo. Wewe ni mkubwa.

Tukangoja wiki, tukangoja mwezi. Ukatuma tena na tena. Kisha siku moja ukafunga daftari lako ukasema, "Hawa wameona ni watu ya Isiolo, wametupa barua yetu kwa takataka." Nikakuamini. Nilikuamini vibaya sana, Guyo. Kwenye mikutano ulirudia hadithi hiyo, jinsi wakubwa wa kompyuta duniani wanavyotudharau, na watu walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa na marekebisho mengine mawili tayari. Niliyafuta kwa mkono wangu, kwa sababu ya nini kuwatumia watu wanaokuona takataka? Ulipopata kazi Nairobi uliniachia ofisi, nikawa kila masasisho yakija nakipachika kile kiraka upya.

Mwaka huu masasisho yaliingia yenyewe nikiwa Kipsing nikiandikisha wafugaji. Sikujua. Niliporudi nikapata habari kwamba madaktari wa mifugo watafika Korbesa Jumanne, si Ijumaa kama walivyotangaza, nikatuma ujumbe kwa wote. Skrini ikaniambia imetumwa. Kumbe mtandao ulikatika katikati, na Korbesa haikupata hata neno moja. Mbuzi walikuwa mbali malishoni. Madaktari wakachanja wachache waliowakuta, wakaondoka. Baada ya wiki chache sotoka ya mbuzi, ugonjwa wenyewe wa chanjo ile, ikaingia.

Shangazi Darmi, kule kwake Korbesa, amebaki na mbuzi wanne. Zizi lake unalijua. Mbuzi wale ndio waliokupeleka chuo, ulikuwa unawaita kwa majina.

Nilienda kwake. Nilimwambia ujumbe tulituma, akasema hakuna ujumbe. Nikaapa, Guyo. Niliapa kwa Mwenyezi Mungu, mbele ya majirani zake, kwamba nilituma na kwamba pengine yeye hakuangalia simu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mimi nashika simu kwa mkono siku mzima, mtoto yangu. Hapana ona kitu." Kisha akaingia ndani. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Nilirudi ofisini nikakagua programu, nikaona kiraka hakipo, nikajua nimeapa uongo. Nikasema lazima marekebisho yale yaende, wanidharau wasinidharau. Nilitaka kuona ulivyoandika zamani, nikafungua barua pepe yako uliyoiacha wazi kwenye kompyuta. Miaka yote hiyo sikuwahi kuigusa, kwa kuwa ni ya kaka.

Majibu yalikuja, Guyo. Yote. La kwanza lilifika siku ileile, dakika chache baada ya barua yetu: mstari wa kwanza hauna jina la programu, liweke juu, utume tena. Basi. Hakuna aliyetudharau, hakuna mtu hata aliyetuona.

Nawe ulilisoma. Sikuamini mpaka nilipoona ulivyolijibu. Ukurasa mzima, ukiielimisha mashine kwamba kwetu mtu husalimiwa kwanza ndipo aambiwe shida. Mashine ikarudisha maneno yaleyale. Ukaijibu tena, ukali umeongezeka. Wiki mbili ulikuwa unampigia mbuzi gitaa, huku nami umeniketisha pembeni ukiniambia wazungu wametutupa. Jambo lenyewe lilikuwa kushusha salamu zako mstari mmoja chini. Zingekaa hapo na hakuna ambaye angekataza. Lakini ungelazimika kuniambia, "Kabale, ulisema kweli," na hilo lilikushinda.

Nina hasira, Guyo. Salamu hazinikasirishi; hata leo nazipenda, ni mila yetu. Linaloniuma ni kwamba ulijua, ukanyamaza, ukanifundisha kuwachukia watu ambao hawakunikosea, na ukaondoka ukaniachia ila ileile mezani.

Nimeiandika ile amri mwenyewe. Jina la programu juu, maelezo mafupi, mistari yetu kumi na moja. Namba ya kuonyesha imepokelewa ikaja papo hapo. Baada ya siku mbili mwanamke mmoja wa hao wenye programu akaniandikia kwamba ameikubali na itaingia kwenye toleo lijalo, na akanishukuru. Aliuliza kitu kimoja tu: tarehe kwenye marekebisho yetu ni za miaka mingi nyuma, mbona tulikaa nayo kimya?

Huyo nitamjibu mimi, nitatafuta maneno. Wako wa kumjibu ni shangazi. Yeye hana barua pepe, na simu ya jina langu hashiki. Gari la Merti, upande wa kwa shangazi, linatoka hapa Isiolo asubuhi. Panda uje mpaka Korbesa, uketi mbele yake na mbele ya wale majirani, uwaambie kwamba mimi niliapa nikiamini ni kweli. Usipokuja nitawaambia mwenyewe, lakini mimi nikisema, nani ataniamini?

Nakungoja, na bado nakuheshimu,

Dada yako mdogo,
Kabale