Yowe Lilipopigwa, Alikuwa Kwetu

Mama Stephania, shikamoo. Nina miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, ninaishi Nyabiyonza, na jambo hili sijamwambia mtu yeyote kwa sababu hata nikiambiwa nisome somo kanisani sauti hukatika, kwa hiyo nimeona niliandike kwenye safu yako ya ushauri gazetini.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa shangazi Bugene, na kila jioni tulitazama kwenye televisheni tamthilia ya mtu aliyehukumiwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya, na jirani yake mmoja anajua ukweli lakini amenyamaza, na shangazi akawa anampigia kelele, "Wee mama, sema! Mdomo huo kazi yake kula ndizi tu?" na wote wakacheka, mimi nikatoka nje, kwa sababu jirani huyo ni mimi.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, ng'ombe wetu alishikwa na uchungu mchana, baba akiwa sokoni Nkwenda na mama msibani, na ndama alikuwa ametoa miguu tu akakwama, nikakimbia barabarani nikamkuta Mbonimpa, kibarua aliyekuwa akilimia majirani, nikamsihi aje. Kwetu ng'ombe akizaa, mtu wa nje haingii zizini mpaka kitovu cha ndama kidondoke, naye alijua, akacheka akasema, "Baba yako akinikuta humu atanifukuza kwa fimbo hadi Burundi." Akaishika ile miguu akawa anavuta, ndipo tukasikia yowe upande wa pili wa migomba, na wewe Mama unajua huku yowe likipigwa kila mwanamume anakimbia, asiyefika anaulizwa. Nikamwambia, "Ni yowe hilo, nenda." Akasema, "Mwanangu, nikiachia sasa wanakufa wote wawili. Shika mkia."

Ndama alipotoka, Mbonimpa alikimbia vilevile, shati limejaa damu, akawakuta watu wamemzunguka jirani yetu Desderius, aliyekatwa mapanga katika shamba lake la kahawa, ameshakufa. Yeye na Desderius walikuwa wamegombana wiki iliyotangulia na kila mtu alijua. Wakamuuliza alikuwa wapi.

Jioni nilimwambia baba ng'ombe amezaa mwenyewe, kwa sababu niliogopa kuchapwa. Kesho yake polisi wakaja na mwenyekiti wa kijiji, wakasema Mbonimpa anadai alikuwa kwetu. Baba akajibu, "Hapa hakufika mtu," akanigeukia, "Au sivyo?" Nikaitikia kwa kichwa. Baadaye baba aliapa mahakamani akasema hayohayo, na mpaka leo hajui kwamba si kweli. Mbonimpa alihukumiwa kunyongwa. Rufaa yake haijasikilizwa. Mkewe, Mukabera, hupita kwetu Jumapili akitoka kanisani, na nikimwona tu ninakimbilia migombani.

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Nikisema, watu watamwita mwongo aliyeangamiza mtu, labda hata atafungwa. Na tangu nitazame tamthilia ile ninaogopa kwamba ninachanganya niliyoyaona na ya kwenye televisheni. Nifanye nini?

*

Binti yangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na sitakuficha, mara ya kwanza nilikasirika.

Ulikuwa mtoto, uliogopa fimbo. Hilo silaumu. Lakini utoto wako umekwisha, na mtu bado amekaa gerezani akisubiri kamba. Unamwonea huruma baba yako kwa aibu ambayo haijamfika, wakati Mukabera anapita na ya kwake mlangoni kwenu kila Jumapili.

Baba yako alisema alichoamini. Nimemuuliza mwanasheria: aliyeapa huku akiamini asemacho hafungwi kwa hilo. Kwa hiyo sababu hiyo iweke chini.

Unasema unachanganya. Je, kwenye tamthilia yenu kulikuwa na ng'ombe? Basi. Chukua karatasi leo, uandike ulichokiona na ulichokisikia. Usichokikumbuka, andika kwamba hukikumbuki. Aliyemuua Desderius humjui, kwa hiyo usimbahatishe.

Kesho asubuhi mwambie baba yako. Unampa taarifa, huombi ruhusa. Akifoka, mwache afoke. Majina nimeyabadilisha, lakini huko kwenu watu wataitambua habari hii, na ni heri aisikie kwako kuliko kwa jirani. Kisha panda bodaboda uende Kayanga, kwenye ofisi za halmashauri, uulizie msaada wa kisheria, wakufikishe kwa wakili wa rufaa hiyo. Kama sauti itakatika, mpe karatasi yako aisome, halafu uape kwamba ni yako.

Usianzie kwa Mukabera. Najua moyo unakutuma huko. Lakini mkikaa jikoni wawili kabla ya wakili, upande wa serikali utasema mlipanga maneno, na utakuwa umemfunga mumewe mara ya pili.

Siwezi kukuahidi kwamba atatoka. Majaji wanaweza kukataa ushahidi uliochelewa miaka saba. Huo ni uamuzi wao. Wewe kazi yako ni kuufikisha mbele yao kabla rufaa haijasikilizwa.

Mukabera ataambiwa na wakili, na atakuja kwenu. Huenda akalia, huenda akakutukana. Siku hiyo usikimbie. Toka nje, mpe kiti, umsikilize mpaka amalize.