Kufuli Litoke, Lakini Niseme kwa Sauti ya Nani?

Shangazi mshauri, nisaidie kabla sijapasuka, maana sijui kinachonidunda kifuani ni furaha au woga. Mimi ni mshonaji katika kiwanda cha sare za shule, na wenzangu wamenichagua nikazungumze na mkurugenzi Ijumaa kuhusu mlango wa nyuma unaofungwa kufuli saa za kazi; yote yalianza siku ile mama mjamzito wa meza ya vifungo alipozirai kwa joto tukambeba kupita ukumbi mzima hadi mlango wa mbele, mimi nimemshika kichwa. Basi wiki tatu sasa nasikiliza hotuba za viongozi waliopigania uhuru, zile redio inazorudia kila sikukuu ya taifa, nazisikiliza nikipiga pasi, naandika daftarini wapi wamenyamaza, neno gani wamelirudia mara tatu, wapi watu wamelipuka kwa makofi, na shangazi, nywele zinanisimama! Jumapili nikawaita mume wangu na wifi yangu sebuleni, nikapanda kwenye stuli, nikakaza sauti nikanguruma, "Ndugu wananchi!" Wifi akacheka hadi akakaa chini. Mume wangu akauliza, "Mke wangu, huyo anayezungumza ni nani?" Nikashuka kwa hasira: "Nyinyi hamkuwepo! Hamkuona macho ya yule mama yalivyogeuka, na ufunguo uko mfukoni mwa msimamizi aliyekwenda kula!" Wote kimya. Sasa niendelee na hotuba za wakubwa, au nimwachie fundi mkuu wetu azungumze?

Mshonaji wa Kola

Mwanangu Mshonaji,

Umwachie nani? Thubutu! Fundi mkuu hakumshika mtu kichwa. Barua yako nimeisoma nimesimama, lakini lazima nikugombeze: wiki tatu unasikiliza hotuba, halafu unabeba sauti, kitu pekee kisichoazimika! Wale walisikilizwa kwa sababu walisema walichokiona, kwa maneno ya watu waliokuwa mbele yao. Chukua vituo vyao, chukua marudio yao, mngurumo waachie wenyewe. Hotuba yako umeshaitoa, mwanangu, pale uliposhuka kwenye stuli, hukuona walivyonyamaza?

Ijumaa anza na yule mama na meza yake. Sema ufunguo ulikuwa wapi. Kisha nyamaza, uhesabu hadi tano moyoni. Malalamiko mengine, iwe ya feni au ya choo, usiyaguse, yana siku yake. Omba jambo moja tu: kufuli litoke. Akisema atalifikiria, usikae chini. Muulize, kwa upole kabisa, "Hadi saa ngapi?"