Hereni za Uzi

Chumbani kwetu,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa Mamdogo,

Kabla hata sijakuamkia, ngoja nikupe jambo ambalo hakuna binadamu mwingine anayelijua: natengeneza hereni. Za uzi. Haya, shikamoo. Mgongo umepata nafuu? Na paka wako mnene, bado anajiona ndiye mwenye nyumba? Sisi hatujambo, ila harusi ya Dada imejaa humu ndani mpaka pa kukaa hakuna.

Kile kidude cha kufumia lesi ulichoniachia, chenye umbo la mtumbwi, sikukitupa kama Mama anavyodhani. Vitambaa vya meza vilinichosha tu. Nikajaribu vitu vidogo: maduara matatu yanayoning'inia, na ushanga mmoja kwenye kila kitanzi.

Mwanzoni duara lilikataa kufunga. Nilikuwa nakaza mkono wa kushoto, fundo linabaki kwenye uzi usio wake, nikivuta, wapi! Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinigonga vidole: "Legeza, we mtoto, fundo lihamie uzi wa pili!"

Kisha nikaziloweka kwenye maji ya sukari zikakamae, kama ulivyonionyesha. Mamdogo, nilizificha chini ya mto, sisimizi wakazigundua kabla ya watu! Mama akaja juu: "Nani anakula keki kitandani?" Nikaomba radhi kwa keki ambayo sikuionja. Siku hizi natumia gundi nyepesi.

La moyoni hasa ni hili. Masikio ya Dada hayataki chuma. Kila hereni aliyonunua kwa ajili ya harusi Jumamosi imeyavimbisha. Jana akajitazama kwenye kioo: "Basi, nitaolewa masikio matupu kama sungura." Akacheka, halafu akalia. Nami ninayo jozi nyeupe, vishikizo vyake vya plastiki, imekamilika. Naogopa kumpa. Unaujua ulimi wake. Akizicheka, sidhani kama nitafuma tena.

Shuleni barua tunaandika kwa lugha ile ya kigeni, lakini hili lisingetoka kwa lugha ya darasani.

Nisalimie Bamdogo na wale mapacha watundu. Mungu akuzidishie afya na macho ya kutunga sindano.

Nasikia ndara za Dada koridoni. Kila akikaribia nimekuwa nikiisukuma karatasi hii chini ya mto. Sasa naiacha hapa wazi kitandani, na ile jozi nyeupe juu yake.

Wako akupendaye sana,
Mwanao