Gazeti Yetu ya Kupepea

Mama Kapinga, mwenzangu,

Ni minye. Mwenye kuandika ni mujukuu wangu Nadège, minye nasema tu, na nimemukataza kunyoosha maneno yangu. Weye uko muzuri kule? Huku kichwa yangu imevurugika.

Komite ya umoja wetu wa bamama inataka kugeuza gazeti yetu. Banasema karatasi imezeeka, bantu bote banasoma kwa telefone, basi na gazeti iingie mule. Siku ya Mungu inayokuja, Jumapili, kwa mukutano kila mama atasimama kusema anataka nini. Hata minye nisiyejua A!

Juzi Nadège aligusa kioo, telefone ikaanza kunisomea gazeti kwa sauti, Kiswahili kabisa. Kapinga, nilisikia yote bila kuomba muntu! Tangu ulikufa hakuna aliyenisomea. Nililia. Kisha nikakasirika, sababu ile sauti haisimame. Weye ulikuwa unafika katikati, unavua miwani, unasema: "Uyu mama anadanganya, namujua tangu tulikaa Kambove!" Tunacheka mpaka chai inamwangika. Telefone haijue muntu hata mumoja wa Kambove.

Lakini karatasi nayo… Weye unajua, minye sikuijua kwa macho, niliijua kwa mukono. Ile kifuniko yake ya juu, nguvu kama kartoni. Kwa kila kilio tunaingia nayo, tunakaa kwa mukeka karibu na mufiwa, tunamupepea. Bantu bakiona gazeti zinapanda zinashuka, banajua: bamama ba umoja bamefika. Sasa nitapepea mufiwa na telefone?

Na weye kwa lupitalo, kwa kitanda ya bagonjwa. Kura ya umeme ilikatika, feni ikasimama, joto ile! Nikakupepea na gazeti yenye foto yako, ile umevaa kitambaa ya umoja. Ukafungua jicho moja: "Pepea muzuri, unanipiga kwa pua!"

Ndiyo neno yako ya mwisho kwangu. Pua! Bengine banaachiwa baraka.

Basi, asubuhi nasema karatasi, mangaribi nasema telefone. Nikichagua karatasi, nitarudia kukaa nayo kimya, kama kiziwi. Nikichagua telefone, nitaingia kwa kilio mikono mitupu. Ungekuwa hapa ungenitukana kidogo, ningejua njia.

Labda nitasema hivi: sauti baitie kwa telefone, lakini ile kifuniko nguvu batuchapie, hata kama ndani hamuna neno. Batacheka, najua. Gazeti bila maneno! Bacheke. Kwangu minye, ile ndiyo gazeti niliyokuwa nayo miaka yote, maneno yalikuwa kwa kinywa yako.

Ao ni upuuzi? Sijui, Kapinga. Kweli sijui.

Komite inaomba zile gazeti za zamani, baziingize kwa telefone. Ile yenye foto yako habataiona. Lala, ndugu yangu. Nikitoka kwa mukutano nitakuja nayo kwa kaburi yako nikuambie bamesema nini, na nitakupepea. Mbali kidogo na pua.

Minye, mwenzako