Maziwa Yote Yanakwenda Kituoni

Alhamisi, Njombe

Kumbe madini ya chuma yamenijaa kupita kiasi! Miezi yote hii mama mkwe ananinywesha juisi ya bitiruti, nami nameza vidonge vya kuongeza damu, huku ganzi ya miguu inapanda tu.

Daktari wa Makambako aliyasoma majibu mara mbili. "Mama, kilichokuishia ni vitamini B12. Maziwa huwa unakunywa?"

Nakamua ng'ombe kila alfajiri, na maziwa yote yanakwenda kituoni kuuzwa.

Sindano naanza kesho. Ila ganzi, kasema, huenda isiondoke yote.

Sikumwambia kwamba leo asubuhi ng'ombe alinikanyaga, nikajua tu nilipoona ndala imelowa damu.